Mficha Uchi Hazai: Historia ya Neno "Kizazi"

Ndugu msomaji, naomba usifunue ukurasa mwingine kwa aibu. Mie mwenyewe niliona haya kuandika makala hii kwa zaidi ya miaka mitano. Kila nikishika kalamu nasikia sauti ya bibi ikisema mambo ya wanawake hayaandikwi na mtoto wa kiume. Lakini ninataka kuwa mwandishi wa riwaya, na mwandishi anayeogopa neno ni sawa na fundi seremala anayeogopa msumeno. Basi leo nimeamua.

Mwaka 2019 Tunduma ilikuwa na shughuli kubwa. Tarehe 5 Oktoba marais wawili, John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia, walifungua kituo cha pamoja cha forodha kati yetu na wenzetu wa Nakonde, ili malori yasilale siku nyingi kwenye foleni. Mji mzima ulizungumza habari za forodha. Wabadilisha fedha, madereva, mama lishe, wote habari ni hiyo moja. Nyumbani kwetu tulikuwa na habari nyingine, tena ya kunong'ona.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu wa tumbo moja, alikuwa akiuza mchele sokoni. Ana watoto watatu. Alikuwa akitokwa damu isivyo kawaida, akaenda kupimwa. Siku aliporudi alikaa kwenye kigoda jikoni, hakuvua hata mtandio, akasema sentensi moja tu:

"Wanataka kunitoa kizazi."

Bibi aliacha kupepeta mchele. Akauliza, "Kizazi chako? Sasa utabaki nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mama mdogo alikunja karatasi ya hospitali, akaiweka chini ya godoro, na karatasi ile ilikaa hapo kwa muda wa mwaka mzima.

Mie nilikuwepo pale mlangoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Biolojia nilikuwa nimesoma, tena kidato cha tatu nilichora mchoro wote wa viungo vya uzazi vya mwanamke, nikaandika majina kwa Kiingereza kwa wino wa bluu: yuterasi, seviksi, ovari. Nilipata alama nzuri. Darasa zima tulicheka siku ile, wasichana wakiinamisha vichwa juu ya madawati. Lakini mbele ya kile kigoda, elimu yangu haikunisaidia hata chembe. Sikujua kwamba yuterasi niliyoichora na kizazi alichokitaja mama mdogo ni kitu kimoja. Nilidhani kama bibi alivyodhani, kwamba mtu anataka kufutwa yeye na ukoo wake.

Hapo ndipo ilipoanza safari yangu ya kulifuatilia neno hili.

*

Hebu tulitazame kwa umbo lake kwanza. Mzizi ni -zaa, mzizi wa Kibantu wa tangu na tangu. Mzazi ni mtu azaaye. Uzazi ni hali au kazi ya kuzaa. Uzao ni kile kilichozaliwa. Zalio ni kile kinachotoka baada ya mtoto, ambacho wengine hukiita kondo la nyuma. Na kizazi? Ile ki- ya mwanzo ni ya kitu, kama vile kifagio ni kitu cha kufagilia na kizibo ni kitu cha kuzibia. Basi kizazi ni kitu cha kuzalia. Mpaka hapo hamna tatizo. Ni kiungo cha mwili kama figo na ini.

Lakini neno halikuishia hapo. Kizazi ni pia watu waliozaliwa wakati mmoja. Tunasema kizazi cha uhuru, na vijana wa Bongo walipoanza kuchana mistari katika miaka ya 1990, muziki wao ukaja kuitwa muziki wa kizazi kipya. Kizazi ni pia daraja katika ukoo: babu, baba, mimi, ni vizazi vitatu. Anayesoma Injili ya Mathayo, sura ya kwanza, atakuta vizazi vikihesabiwa kumi na vinne mara tatu, toka Ibrahimu mpaka Kristo. Na mtaani kuna maana ya nne, ambayo ndiyo yenye sumu. Mwanamke asiyepata mtoto husemwa kwamba "hana kizazi". Yaani hana uwezo wa kuzaa, na wakati huohuo hana wa kumfuata. Makofi mawili kwa neno moja.

Sasa rudi jikoni kwetu. Mganga alisema kiungo. Bibi akasikia ukoo. Mama mdogo, mwenye watoto watatu walio hai, mmoja wao akiwa amekaa pale pale akila kiporo, akasikia kwamba kuanzia siku ya upasuaji ataitwa mwanamke asiye na kizazi.

Na wala si neno hili peke yake. Kiswahili kimeijenga sehemu hii ya mwili kama mtu anavyojenga makazi. Kamusi zetu zina "mji wa mimba", yaani mahali mimba inapokaa. Na mji huohuo ndio sehemu ya katikati ya kanga, iliyozungukwa na pindo. Tumbo ni tumbo la chakula, lakini "tumbo moja" ni ndugu. Mlango ni wa nyumba, lakini kwa Waswahili wa pwani mlango ni pia tawi la ukoo. Kwa hiyo mabango ya afya yanapoandika "mlango wa kizazi", kila neno linabeba mzigo juu ya mzigo. Wengine husema "shingo ya kizazi". Huo ni ufuasi wa Kilatini, kwani cervix maana yake ni shingo. Mie napenda mlango. Shingo ni ya kuangaliwa tu, ila mlango mtu hupita.

*

Usidhani kwamba ni sisi tu tuliotwisha kiungo hiki mizigo. Wagiriki wa kale walikiita hystera. Plato, katika maandishi yake yaitwayo Timaios, alikieleza kama mnyama mwenye hamu ya kuzaa, ambaye akikosa mtoto kwa muda mrefu huzunguka mwilini akimtesa mwenye nacho. Tabibu Soranus wa Efeso, aliyefanya kazi yake miaka ya 100 na kitu baada ya Kristo, alipinga akisema hakuna mnyama humo. Lakini jina lilikuwa limeshashika. Toka hystera likatoka neno histeria, na kwa karne nyingi mwanamke wa Ulaya akilia sana, au akikataa, au akiwa na maono yake tu, aliambiwa ana histeria. Madaktari wa akili wa Marekani waliliondoa jina hilo katika orodha yao ya magonjwa mwaka 1980 tu. Fikiri, msomaji: kosa la zaidi ya miaka 2,000, limehifadhiwa ndani ya neno.

Waarabu walikwenda njia nyingine. Kwao tumbo la uzazi ni rahim, na kwenye mzizi huohuo kumetoka rehema. Kila Rehema unayemjua mtaani kwako, na kila Rahimu, wamebeba jina lenye udugu na tumbo la mama. Na Waislamu wanapohimizana kuunga udugu, kwa Kiarabu neno linalosimama mahali pa udugu ni lilelile la tumbo la uzazi.

Kwa hiyo Mgiriki aliweka humo wazimu, Mwarabu akaweka huruma, na sisi tukaweka watu wanaokuja baada yetu. Ningeambiwa nichague, ningechagua la kwetu, au la Mwarabu. Lakini uzuri wa neno haumponyi mgonjwa.

*

Kuna watu watasema: Waafrika zamani hawakujua lolote kuhusu kiungo hiki, ndiyo maana ya hofu yote hii. La hasha. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa safarini, alishuhudia upasuaji mahali paitwapo Kahura, katika nchi ya Bunyoro ambayo leo ni sehemu ya Uganda. Mwanamke wa miaka kama 20, uzazi wake wa kwanza, mtoto amekataa kutoka. Alilazwa juu ya kitanda kilichoinama, akanyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalegea. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyohiyo, kisha kwa maji. Akapasua tumbo, akapasua kizazi, akatoa mtoto, akatoa na kondo. Mishipa iliyovuja aliichoma kwa chuma cha moto. Tumbo likafungwa kwa sindano saba nyembamba za chuma zilizozungushiwa nyuzi za gome, juu yake ikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Felkin aliandika kwamba alipoondoka siku 11 baadaye, mama na mtoto walikuwa hai. Habari hiyo ilichapishwa Edinburgh mwaka 1884.

Mganga yule alikijua kizazi kwa mkono wake. Alijua kinakaa wapi, na alijua kwamba kikipasuliwa mwanamke anaweza kuishi. Na huko pwani, makungwi wa unyago walikuwa na shule yao kamili ya mambo haya kabla ya shule ya mwalimu na chaki. Jina la Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, halitajwi bila unyago. Ujuzi ulikuwepo. Ila ulikuwa wa faragha; ulipita toka mdomo wa mwanamke mkubwa kwenda sikio la mwanamke mdogo.

Halafu ikaja shule. Shule ilichukua ujuzi ule ikauweka katika Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya Jackson Makweta ilishauri sekondari zifundishe kwa Kiswahili, serikali haikufuata. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, kazi ya kutukuka, lakini mitihani ilibaki kwa Kiingereza. Matokeo yake ndiyo mie: kijana aliyejua yuterasi bila kujua kizazi, amesimama mlangoni bubu wakati mama yake mdogo anaficha karatasi. Faragha ya zamani ilikuwa na kungwi wa kuuliza. Faragha yangu ilikuwa na alama nzuri tu kwenye daftari.

*

Na sasa niseme juu ya huo ugonjwa wenyewe, maana nao una historia.

Mwaka 1842 tabibu Rigoni-Stern wa Italia alichambua kumbukumbu za vifo vya mji wa Verona akaona kwamba saratani ya kizazi iliwaua wanawake wenye waume lakini masista wa nyumba za watawa ni nadra sana. Yaani kuna kitu kinachopita kati ya mwanamume na mwanamke. Ilichukua zaidi ya karne moja kukipata. Mwaka 1951, Baltimore, Marekani, mwanamke mweusi aitwaye Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, alilazwa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari walichukua vipande vya uvimbe wake bila kumwomba ruhusa. Yeye alikufa tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 31. Chembe zake hazikufa. Zinagawanyika katika maabara za dunia mpaka leo, na zilitumika katika kazi ya chanjo ya polio. Mwaka 1983 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walitangaza kirusi waliochokikuta katika saratani hii, kiitwacho HPV aina ya 16. Mwaka uliofuata aina ya 18, ambayo ilikutwa hata ndani ya chembe za Henrietta. Mwaka 2008 akapewa tuzo ya Nobel.

Hivyo basi: ni kirusi, kinaambukizwa kwa kujamiiana, na mwanamume ndiye mbebaji kama mwanamke. Aliye na virusi vya UKIMWI yuko hatarini zaidi. Si laana, si kurogwa, si malipo ya umalaya. Mke aliyetulia nyumbani anaweza kukipata kwa mume wake mmoja. Huchukua miaka mingi kabla hakijawa saratani, na katika miaka hiyo kinaweza kuonekana. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, penye kasoro pakageuka peupe. Siki, ndugu zangu! Dawa ya kachumbari. Kwa mwaka 2020 Tanzania ilikadiriwa kupata wagonjwa wapya wapatao 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa ugonjwa ambao siki inaweza kuuonyesha mapema.

Chanjo nayo ipo. Nchini kwetu ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Ilipokuja, neno letu likasimama tena njiani. "Itaua kizazi," watu walisema. Ona ujanja wa neno: anayesema hivyo hahitaji kueleza ni kizazi kipi. Msikilizaji anasikia kiungo cha binti yake na anasikia taifa zima kwa mpigo mmoja. Kenya walikwisha kuyaona hayo mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda imetiwa kitu cha kuwazuia wanawake kuzaa. Serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Hofu ya kufutwa ni ya zamani katika bara hili, na ina sababu zake. Lakini hofu haichagui, humfukuza adui na humfukuza mkunga vilevile.

*

Karatasi ya mama mdogo ilitoka chini ya godoro mwaka 2020, maumivu yalipomzidi. Safari hii alimkuta muuguzi mtu mzima, mwenye subira. Mie ndiye niliyemsindikiza, nikakaa nje kwenye benchi, lakini pazia lilikuwa fupi na nilisikia.

"Shikamoo dada," mama mdogo alisema. "Mie kutolewa kizazi sitaki. Nina watoto."

"Marahaba. Watoto wangapi, mama?"

"Watatu."

"Wako wapi?"

"Nyumbani. Huyu mkubwa yuko sekondari."

"Basi kizazi chako kiko nyumbani na kingine kiko sekondari, hakuna daktari wa kukitoa. Hiki kilichomo tumboni ni nyumba waliyopanga miezi tisa, wakahama. Nyumba ikishika moto, mama, huwezi kuingia kuilinda wakati wapangaji wako salama nje."

Mama mdogo alinyamaza muda mrefu. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia mwaka mzima. Alicheka. Kicheko kidogo, kama mtu anayekohoa.

Lakini mwaka ni mwaka. Upasuaji ule wa kwanza, uliokuwa unawezekana wakati ugonjwa mdogo, ulikuwa umepitwa. Ilibidi aende Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900 kwa basi, akapigwe mionzi, wiki kwa wiki, akilala kwa ndugu wa Mbagala. Mchele ukaachwa, mtaji ukaisha. Alipona, Mungu ni mwema, na sasa anauza tena, ingawa si gunia kwa gunia kama zamani. Kizazi hakikutolewa. Ila mionzi ilikizima. "Nimebaki nacho," aliniambia siku moja tukifunga duka, "lakini kimelala. Kile nilichokuwa nakilinda ndicho nilichokipoteza, pamoja na mtaji."

Je, neno ndilo lililomchelewesha? Sitadanganya. Nauli ilichangia, umbali ulichangia, na yule wa kwanza aliyemwambia kwa haraka bila kuinua macho kwenye karatasi alichangia. Lakini nauli hatimaye ilipatikana, tuliuza mbuzi. Sentensi ya yule muuguzi ndiyo haikuwa ya kuuzwa sokoni. Ingepatikana mwaka mmoja kabla, habari ingekuwa nyingine. Na haikuwa sentensi ya Kiingereza, wala neno jipya la kamusi. Alilichukua neno lilelile la bibi, akaligawa mafungu mawili mbele ya mwenye nalo, akamwachia achague.

Mwaka huohuo wa 2020 binti yake alitimiza miaka 14. Siku ya chanjo shuleni, bibi ndiye aliyemwamsha mapema. Sikumuuliza bibi alichofikiri. Nilimwona tu akimfunga kanga mabegani kwa sababu asubuhi kulikuwa na baridi, akisema, "Nenda, mama. Wewe ndiye kizazi."

Vijana wenzangu mnaoandika, tumezoea kuandika mapenzi: macho yake, mwendo wake, sauti yake. Tukifika tumboni tunaruka mstari, tunaandika "miezi tisa baadaye". Humo tulimoruka ndimo wanamofia mama zetu. Andikeni mlango wa kizazi kwa jina lake, kwa wino, bila mabano na bila kicheko cha darasani. Wahenga walikwisha kusema, mficha uchi hazai. Mie nimeanza, na riwaya yangu inaanza na mwanamke aliyekaa kwenye kigoda, hajavua mtandio.